Uso Uliomezwa na Machweo: Tahakiki ya Picha za Mwambao wa Rumonge

Katika miaka michache iliyopita tumeletewa, kwa ajili ya kufundishia, picha nyingi zilizopigwa na walimu na wanafunzi wao katika mji wa Rumonge na katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi na Magara upande wa kaskazini hadi Nyanza-Lac iliyo karibu na mpaka wa Tanzania. Waliozipiga ni wapigaji picha wa ridhaa, watu wasioishi kwa kazi hiyo. Wengi wametumia simu zao, wachache wametumia kamera. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua faida ya picha darasani: mwanafunzi aliyekwama kwenye ngeli hufunguka kinywa anapoombwa aeleze anachokiona. Kwa hiyo twaona si vibaya tukizihakiki picha hizi kama tunavyozihakiki insha na hadithi zinazotufikia, yaani kwa kutazama kilichosemwa na jinsi kilivyosemwa; na palipo na kasoro tutajaribu kuonyesha dawa yake.

Tukizitandaza mezani, kuna picha moja inayorudi tena na tena, ingawa wapigaji ni mbalimbali. Mvuvi amesimama ndani ya mtumbwi, kasia mkononi. Nyuma yake jua linatua katika milima ya Kongo, na maji yote yamekuwa mekundu kama mawese. Ni picha ya kupendeza, hatukatai. Lakini mwenzetu mmoja aliipeleka darasani, akawauliza wanafunzi: mtu huyu ni nani, ana umri gani, amefurahi au amechoka? Darasa likanyamaza kimya. Hatimaye mtoto mmoja akajibu, "Mwalimu, mbona hicho ni kivuli?" Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mvuvi yule hana uso. Machweo yameumeza.

Sababu ya kwanza ni jiografia, na inashangaza kuwa wapigaji wetu, ambao baadhi yao hufundisha somo hilo, hawakuifikiria. Rumonge iko ufukweni mwa mashariki mwa ziwa. Milima ya Burundi iko nyuma ya mji. Mbele ni maji, na ng'ambo yake rasi ya Ubwari na milima ya Fizi. Anayesimama ufukweni jioni akaielekeza kamera ziwani amelielekea jua, na kila aliyesimama kati yake na jua humgeukia giza. Asubuhi mambo ni kinyume. Jua huchelewa kidogo kuipanda milima, kisha nuru yake hushuka kutoka mgongoni mwa mpiga picha na kuwaangukia usoni wale wanaotoka majini. Nao hao wanaotoka majini ni akina nani? Ni wavuvi wa usiku wanaorejea na ndagala na mukeke, huku wachuuzi wakiwangojea na mabeseni. Saa ya kazi na saa ya nuru njema ni ile ile moja, tangu saa kumi na mbili na nusu hivi hadi saa tatu asubuhi. Picha tulizoletewa za saa hiyo ni chache mno. Tunahofu kuwa wapigaji wetu walikuwa wangali wamelala.

Vitabu vya mashauri navyo vina lawama yao. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ambako jua hutua kwa mshazari na nuru ya dhahabu hukawia saa nzima au zaidi, kwa hiyo humshauri msomaji angoje jioni na asiwe na haraka. Rumonge iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Huku jua huzama karibu wima, na nuru hiyo haikawii zaidi ya nusu saa. Mwanafunzi aliyetii kitabu hujikuta gizani kabla hajamaliza kuwapanga watu wake. Vivyo hivyo mchana: kufikia saa nne na nusu jua limekwisha panda juu, macho yamekuwa mashimo na pua imetupa kivuli mdomoni. Mwezi Machi na mwezi Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Saa hizo ni za kupiga picha za vitu, au za kuwaingiza watu kivulini.

Hapo ndipo tunapofikia jambo lenyewe. Kamera, hata iliyo ndani ya simu, haijui inatazama nini. Hupima nuru yote iliyo mbele yake na kudhani kwamba, ikichanganywa, yapaswa kuwa kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye maji yanayong'aa na mtu mweusi akiwa katikati, yenyewe hutaka kuyatuliza maji, na kwa kufanya hivyo humzamisha mtu. Dawa ni kuichagulia cha kupima. Mwenye simu na auguse uso kwenye kioo, ashikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha apandishe alama ya jua mpaka ngozi ionekane kama anavyoiona kwa macho yake. Mwenye kamera na asogee, apime uso peke yake, au apime kiganja cha mkono wake mwenyewe katika nuru ile ile kisha aongeze hatua moja. Kiganja hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana wapigaji wa zamani walikitumia. Maji yatakuwa meupe mno. Na yawe. Ziwa limepigwa picha za kutosha.

Njia bora zaidi ni kumhamisha mtu. Mwembe, baraza, mlango wa duka, hivi vyote ni studio zisizolipiwa. Mtu asimame ndani kidogo ya kivuli na kuelekea nje kwenye uwazi wa anga. Nuru itamjia laini, na ngozi nyeusi itaonyesha ule mng'ao wake kwenye paji na mashavu ambao jua kali huuharibu. Kama upande mmoja umezidi giza, mtu wa pili na ashike shuka jeupe kando yake. Katika furushi lote tulipenda kuliko zote picha ya mama muuza mawese aliyeketi mlangoni mwa kibanda. Aliyeipiga alikuwa na simu ya kawaida iliyopasuka kioo.

Hata hivyo tusiwatwike wapigaji wetu mzigo wote. Vyombo wanavyotumia vina historia yake. Tangu miaka ya 1950 maabara za rangi zilisawazisha picha kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake hao. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, katika makala aliyoyachapisha mwaka 2009, ameeleza alivyosimuliwa na waliokuwa wakuu wa kampuni hiyo kwamba msukumo wa kurekebisha filamu ili ionyeshe vyema weusi na hudhurungi ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautishwi. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya mtu. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu iliyotangazwa kuwa imerekebishwa ili ipige sawasawa ngozi za kila rangi, na ni hatua njema. Lakini simu nyingi zilizo mikononi mwa watu wa Rumonge si hizo.

Kuhusu vyombo vyenyewe hatuna mengi. Anayeanza asinunue kitu mpaka amejua simu yake imemshindia wapi. Akinunua kamera ya mtumba, lenzi moja isiyovuta, yenye tundu pana, itamfaa kuliko lenzi ndefu ya bei kubwa, kwa sababu itamlazimisha asogee karibu na kusema hodi. (Picha zilizovutwa kutoka mbali tunazitambua mara moja: watu wote wametazama kando.) Wenzetu wa pwani ya bahari huogopa chumvi, ziwa hili ni la maji baridi, adui wa huku ni mchanga. Lenzi isibadilishwe ufukweni, na kioo kipulizwe kabla ya kufutwa.

Katika rangi kuna makosa mengi yanayofanana. Sokoni watu hukaa chini ya maturubai ya buluu, na picha zikitoka nyuso zote ni za watu wagonjwa. Hakuna programu itakayoiondoa buluu ile vizuri. Mwombe muuzaji asogee hatua mbili hadi ukingoni. Mawese nayo yana wekundu wa namna yake, ambao kamera ikiachiwa ijipimie rangi hudhani ni kosa la taa na kuufifisha. Chagua mwenyewe kipimo cha jua au cha kivuli. Ndagala walioanikwa hudanganya zaidi, maana kila mmoja ni kioo kidogo cha anga. Wakipigwa kutoka juu saa sita huwa doa jeupe. Wakipigwa asubuhi kutoka ubavuni, mpiga picha akiwa amechuchumaa, utawahesabu mmoja mmoja, na mkono wa mama anayewageuza utaonekana umefanya kazi.

Picha za usiku zimetufurahisha kwa wazo, zikatuvunja moyo kwa utekelezaji. Wavuvi wa ziwa hili huwavuta ndagala kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na leo taa za betri zimeenea. Taa hizo huonekana mbali kama mji uliojengwa majini. Kamera na iwekwe juu ya jiwe au ukuta, itegwe ijipige yenyewe baada ya sekunde chache ili mkono usiitikise, na iachwe wazi sekunde nne au tano. Asijaribu mtu kufanya hivyo akiwa ndani ya chombo, atapata mistari. Tena aulize mwezi: mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi hukaa nyumbani. Mmoja wa wanafunzi alikwenda usiku wa mwezi mpevu akatuletea picha ya ziwa tupu, na maelezo marefu ya kulisifu.

Limebaki suala la kuhariri. Wapo wanaosema kila uhariri ni uwongo. Hatukubaliani nao. Studio ya Bakor kule Lamu ilijulikana kwa picha zilizokatwa na kuunganishwa kwa ustadi, na aliyezitazama alijua anachezewa, akafurahi. Kuinua giza la uso, kunyoosha upeo wa maji uliopinda, kukata kingo zisizo na kazi, hayo ni sawa na kusahihisha tahajia. Kuzidisha wekundu wa machweo mpaka maji yawe damu ni sawa na mwanafunzi anayejaza vivumishi vitano kwenye nomino moja, tungemkata alama. Lakini kuna uhariri wa aina ya tatu, nao ndio unaotutia wasiwasi hasa katika mwambao huu.

Mwishoni mwa Aprili 1972 ghasia zilizuka kusini mwa Burundi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali zilipoanzia. Mauaji makubwa yakafuata nchi nzima, na watu wengi wakakimbilia Tanzania, ambako walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine wamerejea baada ya miongo mingi. Aliyekimbia usiku hakubeba albamu. Kwa hiyo katika nyumba nyingi picha ya baba au ya kaka ni moja tu, ndogo, ya kitambulisho, iliyoliwa na unyevu. Na kijana mwenye simu nzuri ndiye anayeombwa ainakili na kuikuza. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote anayoweza kupewa mpiga picha wa ridhaa, na hatujaona kitabu cha mashauri kinachoitaja.

Bibi mmoja alimpa mwanafunzi wetu picha ya namna hiyo. Kijana aliinakili kwa taa ya simu, ikang'aa katikati, kisha akaipitisha kwenye programu ya kusafisha nyuso. Programu za namna hiyo haziwezi kurudisha kilichopotea. Palipofutika hubuni, kwa kukisia kutokana na nyuso nyingine nyingi zilizofunzwa. Ikatoka sura safi, yenye kope na meno. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu kijana ni mzuri, mwanangu. Lakini si baba yangu. Baba hakuwa na macho haya."

Tuliirudia kazi pamoja na kijana asubuhi ya pili. Picha ililazwa juu ya meza karibu na mlango, mahali pasipofikiwa na jua. Taa ya simu ikazimwa. Simu ikashikwa sambamba na karatasi, na nyuma ya mpigaji tukatundika kitambaa cheusi ili mng'ao usirudi. Nakala ya kwanza tuliihifadhi bila kuigusa. Katika ya pili tuliongeza giza na nuru kidogo tu, mpaka ukingo wa kofia ukajitenga na ukuta. Doa la maji lililo shavuni tuliliacha, na jicho la kushoto, ambalo halionekani, tuliliacha vilevile. Bibi aliifunga ndani ya kitenge chake pamoja na ile ya asili, akauliza kama twaweza kumtolea nyingine tatu, za wadogo zake walioko Katumba.