Sebule ya Tabora Iliyonikata Kauli

Jamani, Tabora! Nimetoka kwenye sebule moja ya Isevya na moyo bado haujatulia. Niliambiwa kuna mama amemaliza kuipanga upya nyumba yake, kachanganya samani za kale na za kisasa, nami nikaingia nikitegemea yale ya kila siku: dari la jipsamu lenye taa za rangi saba, makochi manene mpaka hakuna pa kupita, na birika moja kuukuu kabatini ili wageni waulize. Wapi! Hata salamu nilichelewa kuitoa.

Jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kasha. Ni kasha la pwani, msaji uliokolea weusi kwa umri, uso mzima umepigwa njumu za shaba, na chini zipo droo tatu zenye vishikio vya pete. Juu yake ukutani, runinga bapa, kubwa, nyembamba. Basi. Ukuta wote ni vitu hivyo viwili na rangi nyeupe! Nyaya zimepitishwa ndani ya ukuta na king'amuzi kimewekwa kwenye kirafu cha pembeni, kwa hiyo kasha halikutobolewa hata tundu moja. Mimi nimeona makasha yaliyotobolewa mgongoni ili waya upite, na kila mara roho inaniuma. Hapa mama kawasha taa ndogo ya pembeni, shaba ikang'aa, runinga ikapotelea ukutani. Nilipiga kofi, kweli nilipiga kofi.

Na hebu fikiria kasha kama hilo lilivyofika Tabora zamani za misafara. Mengi yalitengenezwa India, yakavuka bahari hadi Unguja, yakashushwa Bagamoyo. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora hii, ni zaidi ya kilomita 800, na zilikatwa kwa miguu na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Mwandishi wa habari Stanley, akimtafuta mmisionari Livingstone, aliitembea njia hiyo mwaka 1871 kwa miezi mitatu. Alipofika aliwakuta matajiri wa Kiarabu ndani ya matembe ya udongo wakiwa na mazulia ya Uajemi, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, na masahani ya shaba. Ndani ya nyumba za udongo! Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, na utajiri ule ulitoka huko. Anayeweka kasha sebuleni inafaa alijue hilo na awaambie watoto wake.

Ndiyo maana nasema mchanganyiko huu haukuletwa Tabora na majarida ya mapambo. Nenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la makumbusho lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Simama mlangoni: nakshi za pwani katikati ya ukuta wa udongo wa bara. Mji huu umekuwa ukikaribisha kitu kigeni na kukipa ukuta wa kwao kwa zaidi ya miaka 150, na sebule hii ya Isevya imeingia kwenye mstari huo bila kujitutumua.

Viti sasa! Sofa ni ya kisasa, fupi, ya kijivu, imenyooka, haina maua wala vitambaa vya kufuma. Pembeni yake, badala ya vimeza vya kioo, vipo vigoda viwili vya Kinyamwezi vya miguu mitatu, kila kimoja kimechongwa kutoka gogo moja. Kikombe cha chai kinakaa juu ya kigoda na sofa yenyewe inapata heshima! Wachongaji wa Unyamwezi ni mabingwa wa tangu zamani. Kuna kiti cha mtemi chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, kipo leo Berlin, katika Ethnologisches Museum, na ningetoa chochote kukiona kimerudi huku.

Meza ya kulia ndiyo iliyonifanya niiname chini kuchungulia. Ubao ni mninga wa zamani, umetolewa kwenye milango iliyong'olewa, ukapigwa randa na msasa, ukasuguliwa nta ya nyuki. Tabora ya asali, nta haitafutwi mbali! Miguu ni ya chuma cheusi, myembamba. Mninga ukikauka haupindi kirahisi na mchwa hawaupendi, wakati makabati ya maranda yaliyogandamizwa yanavimba miguu baada ya kupigiwa deki masika mawili. Mti wenyewe hukua polepole mno, kwa hiyo ubao wa kale uliopo stoo ni mali. Msiuchome kuni, nawasihi.

Jiko ni la kisasa tupu, safi, sina la zaidi. Kasoro niliyoiona ni taa za dari juu ya meza ya kulia: nyeupe mno, zinaufanya mninga uonekane mgonjwa. Balbu za mwanga wa manjano zitamaliza kazi.

Chumba cha kulala hakijakamilika, na hapo ndipo tulipobishana. Kuna kitanda cha besera cha marehemu bibi yake, nguzo nne zilizokerezwa, kizuri mpaka unakosa la kusema. Godoro la dukani haliingii, sawa, litakatwa kwa kipimo. Lakini nguzo zinakaribia mapanga ya feni, na fundi kamshauri azikate.

"Mwanangu, nifanyeje sasa?" akaniuliza.

Mama, hamisha feni!