Konzo: ni ugonjwa wa nadra ao ni sisi hatuhesabu?



Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, huku kwetu Vuhovi, Butembo na Beni, tulijua surveillance ni nini bila kuingia auditoire. Kwenye kila barrière: nawa mikono, leta kipaji wapime joto. Ebola ilihesabiwa kijiji kwa kijiji: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Basi kuhesabu tunaweza. Shida yangu ni hii: ugonjwa usioua haraka, lakini unaolemaza mtoto maisha yake yote, nani anauhesabu?

Nachukua mfano wa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango, wakati wa Wabelgiji. Jina ni la Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtoto mzima, anayekimbia na wenzake, kwa siku chache tu miguu yake miwili inakuwa migumu. Anatembea juu ya vidole, magoti yanagongana, anatafuta fimbo. Wenye kali zaidi hawatembei tena. Haiendelei kuharibu mwili kila mwaka kama magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, lakini kupona haiko. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wamama wenye umri wa kuzaa.

Sababu iko kwenye sahani: mihogo chungu yenye sianidi, isiyolowekwa vya kutosha, inaliwa kila siku bila samaki, nyama wala mayai ya kusaidia mwili kuondoa ile sumu.

Sasa tuangalie namna tunavyochunga magonjwa. Relais wa kijiji amefundishwa kutafuta mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla, miguu ikiwa laini, imelegea. Ni kwa ajili ya polio. Wanachukua choo chake mara mbili, kinapimwa, na kama polio haiko, mtoto anaandikwa “si polio”. Kazi hiyo ni nzuri na imeokoa wengi. Lakini miguu ya konzo inakaza, hailegei. Kwa hiyo relais mwenye bidii anaweza kupita mbele ya mtoto huyo na asiandike kitu, juu hakufundishwa kumuona. Nyumbani watasema amelogwa.

Kosa la pili: tunangojea mgonjwa kwenye hospitali. Mtu wa konzo atafuata nini kule? Dawa ya kurudisha miguu haiko, na kutembea ndiyo shida yenyewe. Nyuma tunafungua register, tunakuta ukurasa mweupe, tunasema: ni ugonjwa wa nadra. Nadra kwa nani?

Kosa la tatu ndilo linaniuma zaidi. Uchunguzi wa Kahemba uliotolewa mwaka 2013 ulipima akili za watoto. Wale wasio na konzo, lakini wanaoishi kwenye vijiji vya konzo, nao walikuwa nyuma ya watoto wa eneo lisilo na ugonjwa. Maana yake ukihesabu fimbo peke yake, umewaacha watoto wanaokaa darasani na miguu mizuri huku ile sumu imekwisha kuwagusa.

Ndiyo maana nasema wanaganga peke yao hawawezi hii kazi. Surveillance ya konzo inapaswa kuanza kwenye unga, na unga ni kazi yetu sisi wa agronomie. Kiko kipimo cha karatasi ya pikrate: ni ya njano, sianidi ikizidi inageuka rangi ya kahawia. Mpaka uliowekwa na Codex ni miligramu 10 kwa kilo moja ya unga. Na kujikinga si bei: unalowesha unga na maji, unautandaza kwenye tabaka jembamba, masaa 2 kwenye jua ao 5 kwenye kivuli, sumu inatoka hewani, unapika fufu siku ileile. Kijiji cha Kay Kalenge, kule Kwango, wamama walifanya hivyo, na matokeo yaliyotolewa 2012 yalionyesha hakuna kesi mpya.

Mtaniambia: Kwango ni mbali. Sawa. Lakini Burhinyi, Sud-Kivu, ni mbali? Konzo iliandikwa kule mwaka 2011, na wachunguzi waliiweka pamoja na vita. Sisi tunajua vita inafanya nini kwenye shamba. Mtu analima mihogo chungu juu mwizi haiibi haraka. Anakimbia, anarudi kuvuna usiku, hana siku tatu za kuacha mihogo ndani ya maji. Watoto wana njaa leo. Njia hiyo ya mkato ndiyo ilileta konzo Bandundu, hata bila vita, pale wauzaji walipoharakisha mihogo kwenda Kinshasa.

Kwa hiyo kwa ninyi mnaotafuta sujet ya mémoire: acheni kidogo mavuno kwa hektari. Nendeni kwa waliokimbia vita, ulizeni wamama wanaloweka siku ngapi, pimeni unga wao. Na kwenye njia, mtoto akitembea juu ya vidole, msipite. Ulizeni ilianza lini.