Weusi Kwanza: Runinga ya Nyumbani Inavyorekebishwa

Tarehe 28 Aprili 2019 kituo cha HBO cha Marekani kilirusha "The Long Night", sehemu ya tamthilia ya Game of Thrones yenye vita vya usiku kucha, na watazamaji wengi wakalalamika kwamba hawakuona kitu. Fabian Wagner, mpiga picha mkuu wa sehemu hiyo, alijibu kuwa tatizo kubwa ni watu kutojua kurekebisha runinga zao. Jibu hilo liliwaudhi wengi. Ni kweli kwamba picha iliyobanwa ili ipite kwenye intaneti ilichafuka sehemu za giza, na hapo mtazamaji hakuwa na kosa. Lakini kwenye hoja ya msingi Wagner alikuwa sahihi. Vilivyokuwa gizani vilikuwemo ndani ya picha, ila runinga nyingi zilivimeza kabla havijamfikia mtu aliyekaa kwenye kochi.

Ili kuelewa namna ya kuvirudisha, anza na mahali picha inapotoka. Filamu au tamthilia hukamilishwa na mtaalamu wa rangi aliyekaa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, mbele ya monita iliyopimwa. Weupe wa monita hiyo umewekwa kwenye kandela 100 kwa kila mita ya mraba. Rangi ya weupe wenyewe ni ile inayoitwa D65, mwanga wa mchana wenye joto la rangi la takriban kelvini 6,500. Rangi tatu za msingi, nyekundu, kijani na bluu, zimefungwa na kiwango cha BT.709 ambacho ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ilikipitisha mwaka 1990, na namna mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe ikaandikwa kwenye BT.1886 mwaka 2011. Kurekebisha runinga ni kuisogeza karibu na monita ile kadiri itakavyoweza. Ladha ya mtu haimo katika hesabu hii. Anayetaka nyasi za uwanja wa mpira ziwe za kijani kikali ana haki yake, ila asiseme anaona mchezo ulivyo.

Runinga mpya hufika nyumbani ikiwa mbali na hapo, na sababu yake ni biashara. Kwenye maduka ya Kariakoo, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, runinga husimama safu nzima chini ya taa kali, na inayong'aa kuliko jirani zake ndiyo inayovuta macho ya mnunuzi. Ndiyo maana huwekwa kwenye mtindo wa Vivid au Dynamic: rangi zimekolezwa, kingo zimenolewa, na weupe umesukumwa upande wa bluu, mara nyingi hadi kelvini 10,000 au zaidi. Bluu hiyo kiwanda hukipata kwa bei rahisi, kwa sababu taa ya nyuma ya runinga nyingi za LED ni diodi ya bluu iliyopakwa fosfori ya njano. Bluu ikiachwa ipite kwa wingi, mwanga unaongezeka kwa umeme uleule. Jicho nalo hudanganyika upesi, likauona weupe wa kibluu kuwa safi zaidi, kama shati lililosuuzwa kwa bluu ya kufulia.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutoka kwenye Vivid na kuingia Movie, Cinema au Filmmaker Mode. Huu wa mwisho ulitangazwa Agosti 2019 na muungano wa UHD Alliance, ukiungwa mkono na waongozaji kama Martin Scorsese na Christopher Nolan, na kazi yake ni kuzima mapambo yote kwa mpigo. Mtu asiye na muda wa hatua nyingine afanye hii peke yake. Kwenye runinga nyingi atakuwa amemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Jioni ya kwanza picha itaonekana ya njano na imepoa. Aiache siku chache. Macho yakishauzoea weupe wa D65, akirudi Vivid ataona nyuso za watu zimekuwa za kibluu, na hilo hakuwa analiona kabla.

Chumba nacho kimo kwenye kipimo. Dirisha linalotazamana na kioo cha runinga huua weusi wote, na hakuna kitufe cha rimoti kinachoweza kushindana na jua la saa tisa alasiri. Funga pazia, au geuza kabati. Usiku, badala ya kuwasha taa ya dari, weka taa ndogo nyuma ya runinga iangaze ukuta, kwa nguvu ya karibu asilimia 10 ya weupe wa kioo. Macho hayachoki, na weusi huonekana mweusi zaidi. Katika hili tuna bahati, kwa sababu balbu nyeupe zilizoandikwa 6500K zimejaa madukani kwetu, nazo zinakaribia rangi ileile ya D65.

Kabla ya kugusa kitu kingine, kagua kosa moja linaloharibu kazi yote kimyakimya. Katika mfumo wa video wa biti 8, weusi ni namba 16 na weupe ni 235, wakati kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255. Runinga na kifaa kilichochomekwa visipokubaliana, mambo mawili hutokea. Ama weusi wote unakuwa kijivu kama wenye ukungu, ama vivuli vinazama na kupotea. Tafuta kwenye menyu ya HDMI neno Limited au Full, kisha hakikisha pande zote mbili zinasema lugha moja. Ving'amuzi hutuma Limited, kompyuta nyingi hutuma Full. Hakuna kurekebisha Brightness kutakakotibu ugonjwa huu.

Sasa weusi wenyewe, na hapa nitakaa. Kitufe cha Brightness kwenye runinga nyingi hakiongezi mwanga wa kioo. Kinaamua ni wapi weusi unaanzia. (Kwenye baadhi ya runinga za siku hizi jina hilo limehamishiwa taa ya nyuma, na weusi umepewa jina la Black Level, kwa hiyo jaribu kwanza uone kinachobadilika.) BBC ilibuni kwa kazi hii picha ya majaribio inayoitwa PLUGE: milia myembamba juu ya weusi, mmoja uko chini kidogo ya weusi halali na mwingine juu yake kidogo. Leo mkusanyo wa picha za namna hiyo uitwao AVS HD 709 unapatikana bure, unawekwa kwenye flashi na kuchezwa na runinga yenyewe. Unazima taa, unashusha Brightness mpaka milia yote ipotee, halafu unapandisha kidogo kidogo hadi mlia wa 17 uanze kuonekana kwa shida na wa 16 ubaki umezama. Macho yanatosha kwa kazi hii. Hayahitaji kifaa.

Kwa nini nasema weusi kwanza? Kwa sababu nyuso zetu ziko huko. Historia ya kupima rangi ilijengwa juu ya ngozi nyeupe. Kadi za Kodak zilizotumwa kwenye maabara za kusafishia picha zilikuwa na mwanamke mzungu, na Test Card F ya BBC, iliyoanza kurushwa mwaka 1967 na kudumu kwa miongo kadhaa, ilikuwa na msichana mzungu, Carole Hersee. Uso wa namna hiyo hukaa sehemu ya juu ya mwangaza wa picha, salama. Uso mweusi ndani ya chumba chenye taa ndogo hukaa chini, jirani na vivuli, na weusi ukishushwa kupita kiasi ndio unaoliwa kwanza. Shavu linakuwa bapa, kope zinapotea, nywele zinaungana na ukuta. Jambo la ajabu ni kwamba kwa upande wa rangi tofauti ni ndogo. Kwenye vekta-skopu, kifaa cha studio kinachochora rangi kwenye duara, ngozi za watu wote duniani huangukia karibu na mstari mmoja kati ya nyekundu na njano. Zinazotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolevu. Kwa hiyo baada ya PLUGE weka video ya harusi iliyopigwa vizuri. Unapaswa kuona ukosi wa koti jeusi la bwana harusi umetengana na koti, na mikunjo ya buibui la shangazi ikihesabika. Visipoonekana, rudi kwenye Brightness.

Kwenye menyu ya gama, inayoamua namna mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, 2.4 inafaa chumba chenye giza na 2.2 inafaa sebule yenye mwanga. Contrast hushika ncha ya juu: pandisha mpaka kabla ya milia iliyo karibu na 235 kuungana. Mwangaza wa jumla uachie Backlight, ambao hauharibu kitu. Mchana pandisha, usiku shusha.

Weupe ndio mahali macho yanaposhindwa, maana ubongo huzoea chochote unachopewa na kukiita cheupe. Hapa panahitajika kipima rangi, kifaa kidogo kinachoning'inizwa mbele ya kioo, pamoja na programu. HCFR, iliyoanzishwa na wapenzi wa sinema za nyumbani wa Ufaransa, ni ya bure. Unaonyesha kijivu cha asilimia 80 na kukisahihisha kwa Gain ya nyekundu na bluu, kisha kijivu cha asilimia 30 kwa Offset. Hatua hizi mbili zinavutana, kwa hivyo unarudia hadi zitulie. Kijani kiache kama kilivyo ukiweza, kwa kuwa ndicho kinachobeba karibu asilimia 72 ya mwangaza wote kwenye BT.709, na bluu asilimia 7 tu. Punguza rangi iliyozidi badala ya kuongeza iliyopungua, la sivyo weupe utagonga dari. Kosa likishuka chini ya 3 kwenye kipimo cha tofauti ya rangi kiitwacho delta E, jicho la kawaida halitaliona. Wengi hunakili namba za mtu mwingine mwenye runinga ya aina hiyohiyo. Kwa mtindo na gama ni sawa, lakini kwa Gain na Offset ni kujidanganya, kwa sababu vioo viwili vilivyotoka kiwanda kimoja havilingani.

Color na Tint zikiwa kwenye mtindo wa Movie huwa karibu na sahihi tayari. Zamani mafundi walitazama milia ya rangi ya majaribio ya SMPTE kupitia karatasi angavu ya bluu, lakini karatasi hiyo mara nyingi hailingani na bluu ya vioo vya leo. Sharpness ishushe mpaka mistari myeupe na myeusi isiwe na utando kandokando. Usidhani jibu ni sifuri daima, kwani kwenye Sony kiwango kisichoongeza kitu ni 50. Zima pia ulainishaji wa mwendo, ule unaobuni picha za katikati na kuifanya filamu ya picha 24 kwa sekunde ionekane kama kipindi cha studio. Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video Desemba 2018 kuwasihi watu wauzime, na nawaunga mkono kabisa.

HDR, mfumo wa picha yenye mwangaza mpana zaidi, ina menyu yake peke yake, na runinga za bei nafuu zenye nembo hiyo hazina mwanga wa kuitimiza. Hapo chagua Filmmaker Mode au Movie na uishie hapo.

Runinga nyingi hutunza namba kwa kila tundu, hivyo uliyoyafanya kwenye HDMI 1 hayajafika kwa king'amuzi kilicho HDMI 2. Yanakili huko, na kwenye king'amuzi chenyewe hakikisha umbo la picha halivutwi. Kisha piga picha kurasa zote za menyu kwa simu, kwa sababu sasisho la programu linaweza kurudisha kila kitu kwenye mpangilio wa kiwandani.