Habari Moja, Nyuso Sitini

Mwaka 1816 Duke wa Wellington alimwagiza David Wilkie picha ya askari wastaafu wakijiburudisha nje ya kilabu cha pombe mtaani Chelsea, London. Akaipata 1822. Wilkie, mtoto wa mchungaji kutoka Fife, Scotland, hakuwa mzembe. Alikuwa na watu zaidi ya sitini wa kuwapa uhai, kila mmoja na uso wake.

Alianza na wazo. Aliona kunywa tu hakutoshi kuwaunganisha watu wengi hivyo, akamkabidhi mkongwe mmoja gazeti lenye habari za ushindi wa Waterloo. Kuanzia hapo kila shingo ilipata sababu ya kugeuka.

Kisha akaenda Chelsea kwenyewe, akawatazama wazee wa vita, akachora. Michoro ikafuata michoro: mkono peke yake, kichwa peke yake, kundi zima, kisha kundi lilelile likiwa limepangwa upya. Alikuwa pia na desturi ya kufinyanga vinyago vidogo vya udongo na kuvipanga ndani ya kasha, aone mwanga unamwangukia nani na kivuli kinamfunika nani. Hayo yote ni kabla ya rangi.

Rangi ya mafuta aliipaka juu ya mbao, si turubai, kwa upana wa mita moja na nusu hivi. Brashi ndogo, kipande kwa kipande. Tazama mwanamke anayefungua chaza: kazi iko mikononi, masikio yako kwenye gazeti. Tazama mwanamuziki Mweusi wa kikosi cha walinzi wa mfalme, amesimama katikati ya wenzake kama mtu wa hapohapo, si pambo. Mimi huvutiwa zaidi na mke wa askari aliye karibu na msomaji wa gazeti. Wengine wanashangilia, yeye anasikiliza kwa hofu, maana gazeti lililoleta ushindi limeleta pia majina ya waliokufa. Hofu hiyo Wilkie hakuitilia chumvi. Ameiweka machoni, akaiacha.

Wellington alilipa gini 1,200. Picha ilipoonyeshwa Royal Academy mwaka 1822, watu walisongamana mbele yake, kila mtu akitaka kusogea hadi aweze kuusoma uso mmojammoja, mpaka ikabidi uwekwe uzio wa kuwazuia.