Kiuno cha Karatasini

Katika hoja za wale wanaoeleza uchaguzi wa mwenzi kwa mageuko ya viumbe, iliyoenea mno ni ile ya kiuno. Mwaka 1993 Devendra Singh wa Chuo Kikuu cha Texas alieleza kwamba wanaume wa Marekani, walipoonyeshwa michoro ya wanawake, walimpendelea yule ambaye kipimo cha kiuno chake ni sehemu saba katika kumi za kile cha nyonga. Umbo hilo, alidai, ni dalili ya afya na uzazi, na jicho la mwanamume limerithi kulitambua. Hoja hiyo ni nyepesi kukumbukwa. Labda ndiyo sababu ilisafiri mbali kuliko ushahidi wake.

Kwa Wahadzabe, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ilikwama. Wetsman na Marlowe waliandika mwaka 1999 kwamba wanaume wa huko waliwachagua wanawake wanene, wala wembamba wa kiuno haukuwashughulisha. Lakini mwaka 2005 Marlowe na wenzake walimgeuza mwanamke wa mchoro, akaonekana kwa ubavu, makalio yakidhihirika. Safari hii Wahadzabe walipendelea kiuno kidogo kwa kulinganishwa na makalio, tena kuwapita Wamarekani.

Matokeo hayo ya pili yanamwokoa Singh kwa sehemu, na ni haki kukiri hivyo. Hata hivyo yanafichua kosa la asili: mchoro wa mbele ulidhaniwa kuwa ndio mwili, hali ulikuwa usemi tu juu ya mwili, wenye sarufi yake. Wahadzabe walijibu walichoulizwa, nacho sicho mwulizaji alichodhani ameuliza.

Wala maneno si salama kuliko michoro. Hojaji ya David Buss, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 1989, iliwauliza watu zaidi ya 10,000 wa nchi 33 sifa wanazozitaka kwa mwenzi, kana kwamba kila mmoja ni mteuzi kwa nafsi yake. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na posa ya desturi hupelekwa na mshenga kwa wazazi. Mfasiri wa hojaji hiyo angelazimika kwanza kuamua ni nani kati ya hao anayeulizwa, na kwa kitenzi kipi.