Baada ya Msitu, Kisima: Riwaya Ipi ya Murakami Ifuate?

Kwa muda sasa swali moja limekuwa likiturudia katika mikutano yetu midogo ya walimu, baada ya mambo ya silabasi na mitihani kwisha na chai kuletwa. Mwenzetu amemaliza riwaya ya Haruki Murakami, mtunzi wa Kijapani, naye auliza: sasa nisome ipi? Karibu kila mara aliyoimaliza ni ile moja, Noruwei no Mori, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza kwa jina la Norwegian Wood, nasi katika makala haya tutaiita Msitu wa Norwei. Swali hilo laweza kuonekana jepesi. Lakini hapa kwetu Uganda kitabu cha namna hiyo sisi hukinunua kwa kuchangiana, hupita mikononi mwa watu saba au wanane, na achaguaye vibaya huwa amewachagulia vibaya wenzake wote.

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Baada ya Msitu tuliagiza Dance Dance Dance, iliyotoka Japani mwaka 1988, kwa hoja nyepesi kwamba ndiyo iliyoifuata ile ya 1987. Hatukujua ya kuwa inaendeleza hadithi ya A Wild Sheep Chase ya mwaka 1982, ambayo nayo ina riwaya mbili nyuma yake. Tukamkuta mtu akirudi katika hoteli ambayo sisi hatukupata kuingia, akimtafuta mwanamke tusiyemjua, akizungumza na kiumbe aliyejifunika ngozi ya kondoo kana kwamba ni jirani yake wa siku nyingi. Wawili kati yetu walikirudisha kitabu kabla ya kufika nusu. Mmoja akatamka kwamba Murakami ni mtunzi wa kitabu kimoja, na tangu siku ile hakumgusa tena. Kosa halikuwa la mtunzi wala la msomaji, lilikuwa letu tulioagiza kwa kufuata kalenda.

Murakami alizaliwa Kyoto mwaka 1949. Mwaka 1974 alifungua baa ya muziki wa jazi mjini Tokyo, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1979. Kuna jambo moja katika habari zake ambalo sisi tunaofundisha lugha ya pili hatuwezi kulipita. Ameeleza mwenyewe kwamba alipoona Kijapani alichokiandika hakina ladha, alianza upya kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake aliyajua kwa kiasi tu, kisha akayageuza yale aliyoyaandika yawe Kijapani. Uchache wa maneno ukamlazimisha kuwa na sentensi fupi na zilizo wazi, na mtindo huo ndio uliomtambulisha. Tumelisimulia jambo hili darasani zaidi ya mara moja, kwa wanafunzi wanaoona aibu kuandika insha kwa sababu msamiati wao wa Kiswahili ni haba.

Turudi kwenye Msitu. Jina lenyewe lina kisa, kwani limetokana na wimbo wa Beatles. Neno la Kiingereza lililomo katika jina la wimbo huo huweza kuwa mbao, tena huweza kuwa msitu, na Wajapani wakalifanya msitu. Mfasiri wa Kiswahili angaliweza kuponea katika neno "mti", ambalo ni la ulio hai shambani na la uliokwisha kupasuliwa pia. Watanabe, mtu wa miaka thelathini na saba, yumo ndani ya ndege inayotua Hamburg. Anausikia wimbo huo, na moyo wake unarudi kwa Naoko, msichana aliyempenda alipokuwa mwanafunzi. Rafiki wa wote wawili alijiua akiwa na miaka kumi na saba, na kifo hicho kinamfuata Naoko mpaka katika makao ya wagonjwa milimani. Fani yake ni sahili: hakuna kondoo wa ajabu, hakuna paka wasemao. Ndiyo maana wengi hukipenda, na ndiyo maana pia ni mlango wenye hila, kwa kuwa nyumba iliyo nyuma yake haifanani nao.

Lakini mwanzoni kabisa mwa riwaya, wawili hao wakitembea nyikani, Naoko anataja kisima. Kiko mahali fulani nyikani humo, hakina ukuta, nyasi zimekifunika, na hakuna ajuaye kilipo. Atumbukiaye humo hafi upesi, bali hufa kidogo kidogo gizani pasipo kusikiwa na mtu. Sisi tuliokulia vijijini, tulioonywa na mama zetu juu ya mashimo ya maji yaliyoachwa, hatukuhitaji kuelezwa tamathali hiyo. Naoko anatumbukia. Watanabe anabaki juu, akihuzunika, asiweze kushuka. Riwaya yaisha hivyo, na msomaji anabaki na swali ambalo kitabu hakikulijibu: je, angalishuka ingekuwaje?

Kwa maoni yetu riwaya ya kufuata ni ile inayolichukua swali hilo, yaani Nejimakidori Kuronikuru, The Wind-Up Bird Chronicle kwa Kiingereza. Tuseme Tarihi ya Ndege wa Ufunguo, kwa maana ndege huyo hulia kama mtu atiaye saa ufunguo. Ina sehemu tatu: mbili zilitoka mwaka 1994, ya tatu mwaka 1995. Mhusika mkuu, Toru Okada, ni mtu wa kawaida mno. Ameacha kazi katika ofisi ya mawakili, yuko jikoni akipika tambi huku akisikiliza redio, na simu inalia. Paka wao amepotea. Muda si muda mkewe Kumiko naye anaondoka asirudi. Katika nyumba iliyohamwa, karibu na kwake, mna kisima kikavu. Okada anashuka humo kwa ngazi ya kamba, kwa hiari yake, akae gizani na kufikiri. Aliloshindwa Watanabe, huyu analifanya.

Kama kisima hicho kingekuwa cha huzuni ya mume aliyeachwa tu, tusingalimsumbua msomaji kwa kitabu kinene namna ile. Kuna mzee aitwaye Mamiya, aliyekuwa luteni, na baadaye mwalimu wa shule hadi kustaafu. Anamsimulia Okada yaliyompata mwaka 1938, walipouvuka kwa siri mto wa mpaka wa Manchuria na kuingia Mongolia. Walikamatwa, mwenzake akachunwa ngozi akiwa hai, naye Mamiya akalazimishwa kujitupa katika kisima kikavu, ambamo jua liliingia kwa muda mfupi sana kila siku. Aliokolewa, lakini anasema kwamba maisha yake yalibaki humo. Mwaka uliofuata vita vya Nomonhan vilipiganwa karibu na mpaka huohuo. Mbele zaidi twapelekwa Agosti 1945, mji mkuu wa dola ya Manchukuo iliyosimamishwa na Japani, ambako askari wanaamriwa kuwaua wanyama wa bustani kabla Warusi hawajafika. Humo mna mauaji yanayofanywa kwa gongo la besiboli, na gongo la namna hiyo hiyo liko mikononi mwa Okada huko Tokyo, miaka karibu arobaini baadaye, wakati wa amani na tambi. Mtunzi hatuelezi uhusiano wake, analiweka gongo hapo nasi tunaliona.

Hapo ndipo tulipompenda. Visima viwili ni kimoja: anayeshuka kumtafuta mkewe anakuta chini yale ambayo nchi yake imeyafukia. Nasi katika nchi hizi tuna wazee waliorudi kutoka vitani na hawakusema neno hadi walipozikwa.

Wengi watashauri Kafka on the Shore, ya mwaka 2002, nasi hatuwalaumu. Mzee Nakata aongeaye na paka ni miongoni mwa wahusika waliotufurahisha sana, na wanafunzi wakubwa hukipenda. Hata hivyo kwa msomaji atokaye katika Msitu mageuzi ni ya ghafla mno: samaki wananyesha kutoka mbinguni kabla hajazoea kutoshangaa. Kisomwe cha tatu. Ile 1Q84 ya miaka 2009 na 2010 ingojee, kwa kuwa urefu wake hauna haki yote. Anayetaka kitabu kifupi, South of the Border, West of the Sun kitamridhisha, ila atajiona yuko katika msitu uleule.

Tusifiche kasoro. Wanawake wa Murakami mara nyingi hutoweka ili mwanamume apate kitu cha kutafuta, na Kumiko ni mfano wa wazi. Sauti yake tunaisikia kwa simu, kwa barua, au kupitia mtambo wa kompyuta, na ni haki ya msomaji kumkasirikia mtunzi kwa hilo. Sehemu ya tatu ina nyuzi ambazo hazikufungwa. Tena tafsiri ya Kiingereza ya Jay Rubin, ya mwaka 1997, ilipunguzwa kurasa, hivyo baadhi ya mapengo tunayomlaumia mtunzi si yake. Habari ya kuchunwa ngozi ni nzito kupita kiasi. Haifai kusomwa kwa sauti mbele ya watoto, na mwenzetu mmoja, mtu mzima, aliiruka na hakupungukiwa kitu katika kuelewa yaliyofuata.

Nakala yetu imekwisha kulegea gamba. Wiki iliyopita yule aliyeapa kwamba Murakami ni mtunzi wa kitabu kimoja aliichukua, akasema ataipitia tu jioni moja. Hajairudisha, na wawili wako kwenye foleni.