Kabla ya Kuvuka Mpondwe

Trela lililopakia Mombasa kwenda Beni hufika Bwera likiwa limeshakanyaga zaidi ya kilomita 1,500. Limepita Malaba, Kampala, Masaka na Mbarara, limeteremka Kichwamba breki zikinuka, limevuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, na karibu na Kikorongo limekata mstari wa ikweta. Hapo njia zinaachana: moja inakwenda Kasese na kwenye saruji ya Hima, nyingine Bwera na mpaka wa Mpondwe. Tairi lililojazwa upepo alfajiri kwenye ubaridi wa milima ya Ankole linaingia bonde hili mchana, lami ikiwa moto chini yake na mzigo ni uleule.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni haziji tena. Kila kitu sasa kinatembea juu ya mpira: saruji, mabati, chumvi na mafuta kwenda Kongo, mbao, kahawa na kakao kurudi. Ndiyo maana kati ya Kasese na Mpondwe, mwendo wa kama kilomita 60, hukosi kompresa inayonguruma pembeni, nusu pipa la maji, na tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya lami badala ya kibao cha biashara. Mafundi ni wengi. Wa kukaa kitako ukamtazama toka mwanzo hadi mwisho bila kuchoka ni wachache, na mmoja wao yuko Bwera.

Ni Mkonzo wa makamo. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Kwa hiyo hata ningelitaja jina lake, wangegeuka wanaume wengi mno sokoni. Vijana wake wanamwita Mzee, madereva wanamwita Fundi. Vyombo vyake vimepangwa juu ya gunia: mitaimbo ya kufungulia tairi, nyundo yenye upande bapa, jeki mbili za mafuta, spana ya nati na bomba refu la kuirefusha, koleo, msasa, chupa ya solusheni, kipande cha chaki, mnyororo. Hakuna kilicho kipya, na hakuna kilichokaa pasipo pake.

Lori la siku hiyo lilikuwa la magurudumu 22: mawili mbele, manane chini ya kichwa, kumi na mawili chini ya trela. Ugonjwa ulikuwa ekseli ya mwisho, upande wa kushoto, tairi la ndani. Matairi ya trela ndiyo yanayoteseka zaidi. La mbele likipungua upepo dereva analijua mikononi, maana usukani unavuta; la trela linakufa huko nyuma naye hana habari. Tena yanakaa mawilimawili, na moja likilegea mwenzake anabeba mzigo wa wote wawili, anapata joto, na mwisho huenda akapasuka yeye aliyekuwa mzima. Kwa hiyo kila wanaposimama utingo anashuka na kipande cha nondo, anazunguka akigonga tairi moja moja. Lililojaa hujibu kwa mlio mkavu na nondo inaruka mkononi. Lililolegea humeza pigo. Utingo wa lori hili aligonga Kikorongo, akasikia asichokipenda, wakajikongoja hadi Bwera.

"Fundi, ni pancha tu hiyo," dereva akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kisicho na shaka. "Ziba twende, nataka kulala ng'ambo."

"Karibu, dereva. Kunywa chai kwanza."

Fundi hakugusa jeki. Alizunguka ekseli akiweka mgongo wa kiganja juu ya kila tairi, kwa kuwa kiganja chenyewe, kilivyoota sugu, hakisikii joto sawasawa. Kwenye tairi la nje, jirani ya lile lililolegea, mkono ulikaa kidogo kisha akauondoa. Hakusema neno. Akawaonyesha vijana mahali pa kuweka mawe, mbele na nyuma ya magurudumu ya ekseli nyingine.

Nati zinalegezwa gurudumu likiwa bado chini, ardhi ndiyo inayolishikilia lisizunguke. Kijana alivisha bomba kwenye spana, akaning'inia nalo. Nati ikalia, ikasogea robo mzunguko. Ziko kumi, na hazifuatwi kwa mstari: ukilegeza ya juu, inayofuata ni ya chini. Ndipo jeki ikaingia chini ya ekseli, karibu na springi, juu ya ubao mnene wa mti mgumu kwa sababu udongo wa pale ni laini. Fundi mwenyewe ndiye aliyepiga jeki, akisimama kila baada ya mapigo machache kutazama kama ubao unazama. Gurudumu lilipoachana na ardhi kwa upana wa vidole viwili akaacha. Juu zaidi ya hapo hakuna faida, kuna hatari tu. Akatoa la nje, kisha la ndani, akalilaza chini.

Alifungua kifuniko cha valvu, akatoa kisindano cha ndani, upepo uliobaki ukatoka ukipiga mluzi. Mluzi ulipokwisha, akachukua waya mwembamba akaupitisha ndani ya valvu hadi mwisho. Fundi mwenye haraka hairuki hatua hii mara mbili. Valvu ikiziba kwa tope, tairi huonekana halina kitu kumbe limejaa, na ringi hizi za malori ya zamani zimefungwa kwa pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji wake kwa nguvu ya upepo uleule. Pete ikichomoka upepo ukiwa ndani, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu.

Kabla ya kuipigia pete mtaimbo, akachora kwa chaki mstari ubavuni mwa tairi, mkabala na valvu. Nilidhani ni alama ya mteja. Akaupiga ukingo wa tairi kwa nyundo bapa, pigo moja hatua moja, akilizunguka hadi ukingo ukaachana na kutu ya ringi. Mitaimbo miwili ikaingia kwenye pengo la pete. Mmoja unashikilia, mwingine unatembea. Pete ikatoka. Ringi ikafuata, kisha mkanda wa mpira unaoilinda tyubu isikwaruzwe na chuma, kisha tyubu yenyewe.

Hapo chaki ikajieleza. Tyubu ilijazwa upepo kidogo, ikazungushwa polepole ndani ya nusu pipa, na mahali fulani vipovu vikaanza kupanda kimoja kimoja. Fundi akapima kwa shibiri kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu, akaenda kwenye tairi, akapima shibiri zilezile kutoka kwenye mstari wa chaki. Mtu mwingine angepapasa tairi zima. Yeye alipitisha kitambaa ndani, mahali pale tu, na uzi wa kitambaa ukanasa. Vidole havitumiki kwa kazi hii. Kilichotoboa tairi la lori hakitashindwa na kidole.

Kilikuwa kipande cha waya wa chuma, chembamba, chenye kutu, cha urefu wa kucha. Waya wa namna hii hutoka kwenye matairi mengine: tairi likipasuka, mpira wake unasagika barabarani na nyuzi za chuma zinabaki kwenye lami zikingoja linalofuata. Aliuvuta kwa koleo, akauweka kwenye kiganja cha dereva.

"Hii ndiyo?" dereva akauliza.

"Hiyo ilianza. Njoo uone."

Akainamisha tairi. Ndani, chini, palikuwa na unga mweusi, kiasi cha kujaza kijiko. Ule unga ni mpira wa tairi lenyewe, uliosagika kwa sababu lilikimbia mwendo mrefu likiwa na upepo pungufu, ubavu ukijikunja na kujikunjua kila mzunguko. Utingo aligundua Kikorongo, ila upepo ulianza kutoka mbali zaidi. Fundi akaubonyeza ubavu kwa vidole gumba pande zote, akitafuta mahali palipolegea, hakupata. Tairi hilo litapona. Lakini wakati wote huo kuna aliyekuwa akibeba mzigo wake, na fundi akaligeukia lile la nje ambalo hakuna aliyelilalamikia.

Kwa nje lilikuwa zuri, kashata bado nene. Alilisimamisha, akalizungusha dhidi ya jua macho yakiwa usawa wa ubavu wake. Kwenye bega, upande ambao ungetazama ndani, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kifuniko cha soda. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeshaachana.

"Hili silirudishi."

Dereva akabisha. Lina upepo, linashika, tajiri atasema nini? Fundi alimsikiliza hadi mwisho, bila kupandisha sauti. "Dereva, ukitaka kulifunga, lifunge wewe. Mkono wangu haupo." Utingo akaenda kufungua spea.

Kuziba tyubu kulichukua muda mrefu kuliko yote, na muda mwingi ulikuwa wa kungoja. Msasa kwanza, mpaka mpira unapoteza mng'ao na kuwa wa kijivu, eneo pana kuliko kiraka. Kisha solusheni, tabaka jembamba, lisambazwe kwa kidole. Kisha kukaa. Kijana alitaka kubandika. Mzee akatikisa kichwa. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata kama imelowa, bado, ikishika kavu, tayari.

Wakati wa kungoja nilikuwa nautazama mto Lhubiriha, mpaka wenyewe, na kufikiri kwamba mpira una deni la zamani ng'ambo ile. Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, na dunia ilipoanza kudai mpira, Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeishika tangu 1885 hadi 1908; watu walilazimishwa kugema mpira wa msituni, na walioshindwa kutimiza kiasi waliuawa au walikatwa mikono. Leo mpira unarudi Kongo ukiwa tayari tairi, umebeba saruji.

Fundi alikuwa ameshagusa. Kiraka kibichi kikalazwa, kikabanwa ndani ya kibanio cha chuma, na juu yake ikawekwa pistoni kuukuu ya injini yenye petroli kidogo, ikawashwa. Moto unapasha chuma, chuma kinapasha mpira, na salfa iliyomo kwenye kiraka inakifunga na tyubu viwe kitu kimoja. Ni siri aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839. Moto ulipozimika hakufungua. Kibanio kiliachwa mpaka kikashikika kwa mkono mtupu. Nalo tundu la tairi likapewa kiraka kinene chenye nyuzi, kwa ndani.

Kurudisha ni safari ileile kinyumenyume, pamoja na poda iliyonyunyizwa ndani ya tairi ili tyubu isigandane nalo, na upepo kidogo kuinyoosha tyubu isikunjike. Pete ilipokaa, fundi aliigonga kuzunguka yote akisikiliza. Akafunga mnyororo kulizunguka gurudumu, akaligeuza upande wa pete utazame chini, akaunganisha mpira mrefu wa kompresa, akawafukuza vijana, akawafukuza na watoto waliokuwa wakiangalia. Alijaza kidogo, akafunga, akangoja, akatazama. Akajaza tena. Geji iliposoma 110 akaacha.

Kazi ya kufunga ilikwenda upesi, isipokuwa jambo moja: aliligeuza tairi la nje mpaka valvu yake ikakaa mkabala na ya ndani, moja juu, moja chini, ili kesho mtu aweze kuifikia ya ndani bila kung'oa kitu. Halafu akaweka ubao ulionyooka juu ya matairi mawili kuona kama yanalingana kimo. Yalilingana. Nati zikakazwa kwa kupishana, juu kisha chini.

"Ukivuka usiende mbali. Simama, kaza tena," akamwambia dereva, ambaye sasa alikuwa anamwita mzee.

Tairi lenye uvimbe lilibaki pale bandani. Litakatwa: ubavu utakuwa mikanda ya kufungia mizigo kwenye baiskeli, sehemu nene itakuwa ndara, na kipande huenda kikavuka mpaka kuvishwa gurudumu la chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, huko Butembo au Goma.

Na sasa neno kwa wenye malori. Tangu Juni 2021, Uganda na Kongo zilipozindua ujenzi wa barabara ya kilomita 80 kutoka Kasindi, ng'ambo ya Mpondwe, hadi Beni, na Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, njia hii imekuwa ya kila mtu, basi na usalama wa mafundi wake ni wa kila mtu. Kwingineko gurudumu lenye pete hujazwa upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Bwera, mnyororo mmoja wa kutu ndio unaosimama kati ya pete na kifua cha fundi. Mchangieni kizimba.